Mwalimu Uliyetuletea kwa Maslaha

Bula Iftin,
Garissa.
14 Aprili 2025

Mpendwa kaka Aweys,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo huko Uswidi? Wifi Istahil hajambo? Na watoto, bado wanakohoa kwa ile baridi au imeanza kupungua? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mama hajambo, ila magoti. Alifunga Ramadhani yote, hakuna aliyeweza kumzuia, na siku ya Idi alikaa mlangoni akiwagawia watoto wa mtaa peremende mpaka zikaisha, akaanza kuwapa tende. Mume wangu Abdullahi yuko Wajir kazini, anakusalimu sana. Mvua imeanza kudondoka lakini joto bado halijapata habari hiyo.

Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu wakati simu tunazo. Sababu ni wewe. Mwezi uliopita nilikutumia ujumbe wa sauti nikakumiminia moyo wangu, nawe ukautupa kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo ili wazee wasikie. Wakasikia. Mpaka leo kuna mzee mmoja Mandera ananiita Eddo Kompyuta, shangazi wa kompyuta. Kwa hiyo sasa naandika, na naandika kwa Kiswahili kama tulivyozoea tangu ulipokuwa bwenini Machakos, kwa sababu ile ile ya zamani: mama hawezi kukisoma. Dubow, mtoto wa jirani yetu aliyekuja kula Idi na mamake, anarudi huko keshokutwa na atakukabidhi barua hii mkononi. Tafadhali isome peke yako.

Kaka, nimekasirika. Afadhali niseme mapema kuliko ugundue katikati ya barua. Hasira yangu ni ya watu wengi, lakini fungu lako ni kubwa.

Unajua kwamba mpwa wako Qali yuko Kidato cha Nne mwaka huu, na kwamba tangu Kidato cha Pili hana analolitaka ila Kompyuta. Anataka kuisomea chuo kikuu. Labda hulijui jambo moja, kwa kuwa wakati wetu somo hili halikuwapo shuleni kwetu. Mtihani wake si wa kujibu maswali tu. Mwanzoni mwa mwaka wanapewa mradi, kila mtahiniwa atengeneze mfumo wake mwenyewe kwenye kompyuta, hatua kwa hatua, na shule iupeleke kabla muhula wa pili haujafungwa. Bila mradi, somo lote linakwenda na maji. Sasa ni Aprili, wako likizoni, na likizo hii ndiyo nafasi yake, maana muhula ukianza ni mitihani ya majaribio mfululizo mpaka macho yawatoke.

Mwalimu wao wa Kompyuta, yule Mkamba mpole niliyekusimulia, alihama mwaka jana baada ya ule wasiwasi wa usalama, na mpaka leo hajaletwa mwingine. Maabara imetiwa kufuli. Kompyuta zimo ndani, zimefunikwa vitambaa vizuri kabisa, zinakula vumbi. Nilikwenda kuomba Qali aruhusiwe kuzitumia, nikaambiwa hakuna shida, ila ufunguo huwekwa na mwalimu wa Kompyuta. Nami ni mwalimu, najua shule zilivyo, lakini siku hiyo nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu kwa sababu sikutaka mtu anisemeshe.

Nimetafuta mwalimu wa nyumbani tangu Januari. Wa kwanza alikuwa kijana wa ofisi moja hapa mjini, mwenye akili na adabu zake. Tatizo likawa mama. Mama hawezi kumwacha msichana akae na kijana wa watu, hata kama ni barazani peupe, na simlaumu, hata mimi nisingekubali. Kwa hiyo akatandika mkeka wake kando yao na tasbihi mkononi. Angekaa tu, ingekuwa sawa. Lakini alianza kumuuliza: wewe mtoto wa nani, babako nani, na babu, na baba wa babu. Kijana hawezi kumkatiza mzee. Walipofika babu wa nane, adhana ya Magharibi ikalia na somo likawa limekwisha. Siku ya pili ikagundulika kwamba bibi yake na mama waliwahi kugombania kisima wakiwa wasichana, na hatukumwona tena.

Nikampata msichana wa chuo, nikashukuru Mungu, akaolewa wiki iliyofuata. Nikapata mtu wa Nairobi anayefundisha kwa video. Huyo tulikuwa tunamwona ameganda mdomo wazi, umeme umekatika kwetu au mtandao umemchoka, na Qali amekaa mbele yake kama anayesubiri kiongozi amalize hotuba.

Hapo ndipo ulipoingia wewe na maslaha yako.

Sina haja ya kukukumbusha kesi ya kiwanja, lakini nitakukumbusha hata hivyo. Binamu yetu Gelle aliusogeza ukuta wake ukaingia katika kiwanja chako, watu wakanuniana mwaka mzima, mpaka wazee wakakaa maslaha mwanzoni mwa Februari kupatanisha. Wewe ulikuwa kwenye simu, sauti imefunguliwa, simu imewekwa katikati ya mkeka kama sahani. Gelle alikubali kurudisha ukuta. Ukafurahi mno, ukataka kumtia moyo, na ukatangaza mbele ya wazee wote kwamba Keynan, mwanawe Gelle, ni mtu wa kompyuta, na kuanzia siku hiyo yeye ndiye mwalimu wa Qali. Wazee wakasema mashallah. Mzee Abdiwali akasoma Fatiha. Mimi nilikuwa jikoni napakua wali, nikaja kuambiwa na harufu ya ubani kwamba nimepata mwalimu.

Keynan ni kijana mzuri, sitamsema vibaya. Duka lake la mtandao liko karibu na soko, anachapisha barua, anatoa nakala, anajaza fomu za serikali za watu wasiojua kusoma. Hiyo ndiyo maana ya mtu wa kompyuta hapa kwetu, na hapo ndipo nyote mlipokosea. Kwenu anayeiwasha anaijua. Mngetafuta mwalimu wa Biolojia mngeniletea mchinjaji.

Mama alimpenda siku ya kwanza. Hakuwa na nasaba ya kumuuliza kwa kuwa nasaba yake ni yetu, kwa hiyo alilala usingizi mtamu palepale mkekani wakati Keynan anafundisha. Na alifundisha nini? Kuchapa. Februari yote na Machi yote Qali alichapa. Barua ya kuomba kazi, tangazo la harambee, wasifu wa mtu asiyemjua. Sasa anachapa haraka kuliko karani wa mahakama, na mradi wake ulikuwa palepale ulipokuwa Januari.

Nilipomuuliza Qali wanaendeleaje, akanijibu kwa ile Sheng yao: “Mathe, huyu msee hajui. Ananizungusha tu. Nikimuuliza kitu anasema chapa tena.” Nikamgombeza kwa kumwita binamu yake msee. Halafu nikaenda chumbani kukaa, kwa sababu nilijua anasema kweli.

Nikueleze kidogo upate picha. Mradi wao ni mfumo wa kliniki: wagonjwa ni akina nani, wamekuja lini, wamepewa dawa gani. Nilivyofahamishwa na Qali, wagonjwa wanawekwa kwenye jedwali lao, ziara zao kwenye jedwali jingine, kisha majedwali yanaunganishwa yajuane. Kuyaunganisha huko ndiko kulikomshinda. Keynan akamwambia asijisumbue, aandike kila kitu kwenye jedwali moja. Ni sawa na kutaja ukoo mzima wa mwenye ngamia kila ngamia anapokamwa. Hata mimi, mwalimu wa Kiswahili, niliona hapo hamna kazi.

Ningekuwa nimemtafuta Keynan mwenyewe, ningemshukuru, nimfungie sukari na majani ya chai, tuagane kwa wema. Lakini mwalimu aliyeletwa kwa Fatiha unamwondoaje? Nikimfukuza, nimeufukuza upatanisho. Nilimuuliza Abdullahi, akasema muulize kaka yako. Nilimwendea Mzee Abdiwali, akasema aliyemkalisha ndiye anayeweza kumwinua. Nikakupigia wewe, nawe ukaniambia, “Vumilia kidogo, Hinda, tusitoneshe kidonda.”

Nimelifikiria sana neno hilo, Aweys. Kidonda ni cha nani? Kiwanja ni chako, ukuta ni wa Gelle, mtihani ni wa Qali. Umenunua amani ya kiwanja chako kwa mtihani wa mwanangu, na hukumuuliza mwenye mtihani. Hilo ndilo limenikera, na lau ningekufa leo bila kukuambia ningekufa na fundo moyoni. Sasa nimekuambia, nimepata nafuu kidogo.

Machi ilipokuwa inakwisha, binamu yetu Ebla alinipigia kutoka Dadaab. Unajua anafanya kazi ya ukarani katika ofisi ya shirika moja pale mjini. Nilipokuwa namlilia, akaniambia yuko mwanamke anaitwa Barwaqo, anafundisha Kompyuta katika shule ya sekondari huko Dagahaley, kambini. Alifika kambini akiwa amebebwa mgongoni, amesoma humo humo, akapata stashahada kwa kusoma mtandaoni, na wanafunzi wake wa mwaka juzi walipeleka miradi yao wote. Nikaomba namba.

Alizungumza na Qali kwa simu alasiri moja tu. Alimwambia achukue maharagwe na mahindi jikoni ayapange sakafuni, haya ni wagonjwa na haya ni ziara, kisha amwonyeshe kwa uzi nani ni wa nani. Mama aliamka akakuta maharagwe yake yametapakaa barazani akaanza kulalamika. Qali alikuwa anacheka. Sikuwa nimemsikia mwanangu akicheka kwa jambo la shule tangu mwaka jana, kaka. Nilisimama mlangoni nikashindwa hata kumwambia aokote.

Lakini masomo ya simu hayafiki mbali. Mtandao wa Dagahaley unakuja na kuondoka utakavyo, na mradi hauwezi kusahihishwa kwa kusimuliwa, lazima mwalimu aone kioo cha kompyuta. Nikamwomba Barwaqo aje Garissa, nitamweka kwangu likizo nzima. Akacheka kidogo. Yeye ni mkimbizi, hawezi kutoka kambini bila kibali cha safari, na kibali hakitolewi kwa ajili ya kwenda kufundisha mtoto wa mtu nyumbani kwake. Mwalimu yupo, na barabara yake kwetu imefungwa kwa karatasi. Yeye ndiye aliyenifariji mimi.

Wiki hiyo hiyo, baada ya Idi, Keynan alinijia. Hakuja saa ya somo, alikuja adhuhuri na jua lote lile, akakataa chai. Alisimama kama aliyekuja kuposa. Akaniambia:

“Eddo, wallahi mimi nimeshindwa. Kombyuta ikiharibika mimi naweza tengeneza. Fomu ya serikali mimi najaza macho imefungwa. Lakini hii kitu ya Qali mimi sijui. Akiuliza, mimi namwambia chapa tena, halafu nikienda nyumbani najisikia fibaya.”

Nikamuuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo.

“Baba ameambia soko yote ya mbuzi kwamba kijana yake amekuwa macallin, mwalimu. Sasa mimi nitamwambia nini? Nifukuze wewe, eddo.”

Nikamwambia siwezi, sikumleta mimi. Akasema na yeye hawezi kuondoka, hakujileta. Tukabaki tunatazamana, kaka, mfungwa na mfungwa, na mwenye ufunguo yuko Uswidi anasema vumilia kidogo. Nilimhurumia yule kijana. Miezi miwili amekuwa akija kwangu kila Jumamosi na hofu, na mimi nilidhani anakuja na kiburi.

Basi niliamua. Jumamosi ya tarehe tano nilimpakia Qali kwenye gari la Dadaab pamoja na Ebla, aliyekuwa amekuja kuaga wageni wa Idi. Atakaa kwa Ebla mjini Dadaab mpaka shule zifunguliwe, na kila asubuhi atakwenda Dagahaley na mwalimu mmoja jirani ya Ebla, arudi naye jioni. Sikulala vizuri usiku ule, sitakudanganya. Barabara ile kila mtu anaijua. Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nimeshalia vya kutosha. Jana alinipigia akasema majedwali yameungana, sasa wanatengeneza ripoti. Anasema chumba chao cha kompyuta kinatumia umeme wa jua na hakuna anayemuuliza babu yake ni nani.

Sasa lililobaki ni hili, na ndilo lililonifanya nikuandikie.

Gelle alikuja jana alasiri. Alikuwa amesikia. Alikaa, akaweka bakora yake mapajani, na akaniuliza Qali yuko wapi. Nikamwambia Dadaab, anasoma.

“Dadaab? Watu wanatoka kambi wanakuja mjini, wewe unatoa mtoto mjini unapeleka kambi? Na Keynan amekosa nini?”

Nikasema Keynan hajakosa kitu, ni kijana wetu, tunampenda. Niliona mkono wake unavyoikaza ile bakora, nikaufikiria ukuta wako na mwaka ule wote wa kununiana, nikaona yote yanarudi mlangoni kwangu. Kisha akaniuliza, polepole, “Hii ni amri ya Aweys?”

Kaka, sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia. Nilichukua birika nikamwongezea chai.

Akaitazama chai. Uso wake ukalegea. Akasema, “Kama ni Aweys, basi. Aweys ndiye alileta, Aweys ndiye anaweza toa. Lakini aniambie mwenyewe.” Amekwenda Mandera kwa mambo ya mifugo. Anasema haya si maneno ya kusemea njiani, akirudi wiki ijayo atakaa vizuri akupigie. Dubow atakuwa ameshafika kwako kabla ya hapo.

Kwa hiyo sikuombi ruhusa, mtoto ameshakwenda na hatarudi kabla likizo haijaisha. Nakuomba umtangulie Gelle. Usingoje akupigie, mpigie wewe, na usimwambie Keynan ameshindwa, kwa sababu hilo atalibeba sokoni maisha yake yote. Mwombe. Mama anatamani kwenda Umra, unajua ni miaka mingapi ametamani. Pasipoti, viza, kila kitu siku hizi ni mtandaoni, na hizo ndizo fomu ambazo Keynan anajaza macho yamefungwa. Mwambie Gelle unamhitaji kijana wake kwa kazi kubwa kuliko ya kumfundisha msichana, unataka amsimamie mama mpaka afike Makka, na huwezi kumkabidhi mama kwa mtu mwingine. Hakuna baba wa Garissa atakayekasirika kwa ombi hilo. Ataliambia soko lote la mbuzi kabla jua halijazama. Na mama apelekwe kweli, Aweys, usije ukafanya hilo nalo likawa la maneno.

Nisalimie wifi Istahil, mwambie diraa aliyoniletea Idi ile nyingine bado naivaa. Wabusu watoto. Mama anakusalimu na kukuombea dua kila sala, hajui hata neno moja la barua hii. Abdullahi anakusalimu. Qali alisema nikikuandikia nikuambie wewe, abti yaani mjomba wake, kwamba hana kinyongo. Mimi ninacho kidogo, kitaisha. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akuzidishie riziki ya halali, na atukutanishe tukiwa hai na mama akiwa hai.

Mimi tangu jana nageuzageuza moyoni ile chai niliyommiminia Gelle, sijui niiite nini mbele ya Mungu. Mpigie leo, kaka. Ukiamua leo, amri itakuwa yako kweli, nami nitakuwa sikumdanganya mtu.

Dada yako akupendaye hata akiwa na hasira,
Hinda